Sauti Iliyofichwa Ndani ya Flashi

Sinywi, sitafuni miraa wala muguka, na siku ile nilikuwa macho kabisa. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi niliyoyaona nimeyaona.

Nina saiba ndogo, kiduka cha kompyuta na intaneti, hapa Likoni, njia ya kwenda Shelly Beach. Mamangu alikufa mimi niko Uarabuni kikazi, na tulikuwa tumeagana kwa ugomvi. Dada yangu alimrekodi kwenye simu siku yake ya mwisho, akaitia ile sauti kwenye flashi. "Ni maneno aliyokuachia mama, kaka," akaniambia. Simu yenyewe baadaye ilimtumbukia majini kivukoni, ikabaki flashi peke yake. Nami kwa woga nikakaa nayo miezi bila kuisikiliza. Je, kama hakunipa radhi?

Siku nilipojipa moyo nikaichomeka, naikuta tupu. Virusi. Sisi watu wa saiba tuna tabia moja mbaya: flashi ikiingia virusi, tunaifomati, tunafuta yote ianze upya. Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya, machozi yanitoka. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, watu wako msikitini.

"Hodi."

Akaingia mama mmoja wa makamo, kavaa buibui la kizamani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mbona yasema ni tupu, na nafasi nusu imeliwa?"

Nikatazama. Kweli, nusu ilikuwa imejaa. Mie mwenye kazi sikuliona hilo.

"Hayajafutika hayo, mwanangu, yamefichwa tu. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike."

Akanitajia herufi moja moja: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Ni amri ya kuyavua mafaili alama ya kufichwa. Alikuwa ameniinamia begani, asoma. Nikaona kwenye kile kioo cheusi uso wangu, na mlango ulio nyuma yangu. Yeye hakuwemo. Nilitaka kugeuka, niamini, lakini kidole kilikwisha bonyeza.

Mafaili yakajitokeza. Nikaifungua sauti ya mamangu.

"Mwanangu, tulikosana, yamekwisha. Radhi zangu unazo, duniani na akhera."

Kisha sauti nyingine ikaitikia, "Amin." Ya yule mama, wallahi.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikairudia rekodi, na ile Amin imo mle mle ndani. Nikampigia dada, nikamuuliza siku ya kurekodi chumbani walikuwa na nani.

"Mimi na mama tu," akasema. Nikamsikizisha. Akalia.

Tangu siku hiyo nalala usingizi wangu wote. Awe jini, awe mtu, kila Ijumaa namwombea dua, na kwa kuwa jina lake silijui, namwita yule aliyeitikia.

Nawe, ukiambiwa flashi ni tupu, tazama kwanza nafasi iliyoliwa kabla hujafuta. Na mtu akikufaa, mshukuru angali mbele yako. Mimi ahsante yangu niliitoa nikiutazama mlango.