Karanga Moja, Mtu Mmoja

Katika ofisi ya mipango ya mji nilikokuwa mchora ramani, ukutani palikuwa na ramani kubwa ya Dodoma iliyobandikwa kabla sijaajiriwa. Katikati yake ulipita ukanda mpana wa kijani, kutoka mjini hadi upande wa Ipagala. Hiyo ilikuwa njia ya mabasi. Si barabara ya kila gari, hapana. Ya mabasi peke yake, yale marefu yaliyoungwa katikati kwa mpira, ambayo watu wa Dar es Salaam waliyaita kumbakumba. Walioichora waliwaza mji mkuu utakapojaa, watu wake wapelekwe kazini bila kugombana na malori. Niliipenda ramani ile. Kila Jumatatu niliifuta vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua.

Kwenye ardhi yenyewe, ukanda ulikuwa pori. Migunga, mchanga, na vigingi vya zege kuonyesha mpaka, basi. Mabasi hayakuja. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa: sabuni imerudi madukani, mitumba imetandazwa kila kona, na kila mwenye uwezo anatafuta kiwanja cha kujenga baa au nyumba ya wageni. Watu wakaanza kuukodolea macho ule ukanda. "Ardhi nzuri hivi imekaa bure," walisema, na haikupita muda ofisini kwetu nako wakawa wanasema hivyohivyo.

Siku moja bosi wangu akaniita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na wasiwasi usoni.

"Kamati inakaa Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Wanataka kujua kama upande ule kuna abiria. Kama hakuna, ukanda tunaukata viwanja. Nenda kahesabu."

Nikaenda. Siku tatu nilikaa kando ya lami na mwavuli na fomu yangu yenye safu za basi, pikapu, lori na baiskeli. Nilikuwa na mshika mnyororo wetu, mzee wa Kigogo mkazi wa Ipagala, aliyevuta mnyororo wa kupimia tangu ofisi ianze, na vigingi karibu vyote vya ukanda alivisimika yeye. Alikaa juu ya jiwe akitafuna mswaki, kimya. Lori lilipita. Baiskeli zikapita, chache. Siku ya tatu jioni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: abiria ni wachache mno. Roho iliniuma, lakini nikajiambia hesabu ni hesabu. Asubuhi yake nikalipeleka jedwali likapigwe chapa.

"Umemaliza?" mzee akaniuliza.

"Nimemaliza, mzee. Hakuna watu."

Akacheka mpaka mswaki ukamwanguka. "Hakuna watu! Na mke wangu je?"

"Mke wako amefanyaje?"

"Anatoka nyumbani alfajiri na ungo wa karanga kichwani, anakwenda sokoni Majengo. Yeye na majirani zake. Kila siku ya Mungu."

"Mbona sikumwona?"

"Ungemwonaje, nawe umekaa lami? Lami inazunguka. Wao wanakatiza humohumo kwenye ukanda wenu."

"Sasa mzee wangu, siku tatu umekaa pale! Kwa nini hukuniambia?"

"Karatasi yako ilikuwa na magari na baiskeli, binti yangu. Nikajua wa miguu hamwataki."

Loo! Nilipandwa na hasira, kwanza kwake, halafu kwangu mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo haikushuka. Nimezaliwa mji huu, nimeuchora kila mtaa, halafu nakwenda kuhesabu matairi! Nikarudi kwa bosi hapohapo.

"Jedwali lina makosa," nikamwambia. "Makosa ni yangu."

"Limeshapigwa chapa."

"Lipigwe tena. Naomba asubuhi moja tu."

Akanitazama. "Unajua watu wanapunguzwa humu ofisini?"

Nilijua. Nani asiyejua? Tuliokuwa tunakula kwa mshahara wangu tulikuwa wawili, mimi na mama, na mama hakuchoka kuniambia mdomo wangu ungekuja kuniponza. Nikasimama palepale mbele ya meza. Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nenda," akasema. "Lakini mimi sijakutuma."

Kesho yake jua halijachomoza, mimi na mzee tulikuwa katikati ya ukanda, penye kigingi. Na kweli, wakaja. Mtume wangu, wakaja! Kina mama na nyungo vichwani, vibuyu vya maziwa, matenga ya kuku, watoto mgongoni. Mchanga ulikuwa umekanyagwa na miguu yao ukawa njia, nami nilikuwa nikiifuta vumbi ukutani miaka yote hiyo nisijue. Nikatoa penseli, nikaanza kuwanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu.

Wa mbele akasimama. Alikuwa mama mrefu, mkavu, ndiye mke wa mzee. Tukasalimiana, nikampa shikamoo yake, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Hicho kidole ni cha nini?"

"Nawahesabu, mama."

"Unatuhesabu kwa kidole? Hata ng'ombe hatuwahesabu hivyo. Unatutakia mabaya?"

Msafara mzima ukasita. Waliokuwa nyuma wakaanza kupita pembeni, ndani ya miiba, ili mradi nisiwaone. Nilitamani kulia. Asubuhi yenyewe ndiyo hiyo moja, na watu wangu wananikimbia! Mzee akasogea akazungumza nao Kigogo, kwa kirefu, bila haraka, akinyooshea mkono upande wa mjini, halafu vigingi, halafu mimi. Sijui alisema nini juu yangu. Walicheka.

Mke wake akatua ungo. "Hatuhesabiwi na mtu," akasema. "Ila mtu anaweza kujiweka mwenyewe."

Akachukua karanga moja yenye ganda, akaitumbukiza kwenye kikapu nilichobebea fomu na maji. Wa pili akafuata. Asiyekuwa na karanga alipewa na yule mama kutoka kwenye ungo wake, na mzee akasimama kando ya kikapu kama askari wa geti. "Karanga moja, mtu mmoja," akawa anasema. "Karanga moja, mtu mmoja."

Mama mmoja akatia mbili.

"Moja tu, mama yangu!"

"Na huyu mgongoni ni gunia?"

Nikakubali. Zikawa mbili.

Jua lilipokuwa kali kikapu kilikuwa kimejaa, na ule ungo umebaki nusu. Mchana ule nyumbani mama yangu alianza kunigombeza, kisha akakaa kwenye mkeka akanisaidia kupanga karanga kumi kumi. Tulirudia mara mbili. Mara ya pili ni yeye aliyetaka.

Ijumaa kamati ilipokutana, nilikaa kando ya ukuta na ramani zangu, mahali pa mchoraji. Ilipofika zamu ya ukanda, nikainuka nikaweka kikapu mezani pamoja na jedwali jipya. Chai ilikuwa imechelewa. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti nzito, akatia mkono kikapuni, akavunja karanga. Jirani yake naye akavunja, akatupia kinywani.

"Karanga za kwetu, tamu hizi!" mwenyekiti akasema, akaanza kuipeleka yake mdomoni.

Adabu yote ikanitoka. "Mheshimiwa, rudisha! Huyo ni mtu!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Bosi wangu akafumba macho. Nikaeleza: kwamba nilikaa lami nikahesabu magari, kwamba kila karanga pale ni mtu aliyepita kwa miguu yake katika ukanda wanaouita pori, asubuhi moja tu, na kesho atapita tena. Mwenyekiti akaitazama karanga kiganjani, imeshatoka ganda.

"Na huyu niliyemvunja ni nani?"

"Ni mama wa Ipagala, mzigo kichwani, na bado hajafika sokoni."

Akairudisha kikapuni taratibu. Yule jirani yake aliyekwisha kumeza akakohoa.

Msidhani walilainika hapohapo. Walibishana mpaka adhuhuri. Mmoja alisema watembea kwa miguu hawana nauli, nikamjibu hajawahi kuwauliza. Ndipo bosi wangu akasimama, yule mpole wangu. "Jedwali la kwanza tulikosea," akasema. "Tulihesabu magari, hatukuhesabu watu." Alisema tulikosea, hakusema alikosea, na hilo silisahau hata leo. Ikaamuliwa ukanda usikatwe hata kiwanja kimoja. Usafishwe, ukwanguliwe, upite basi lolote litakalopatikana mpaka yale marefu yatakapokuja.

Kazi ile ilikuwa tamu jamani! Migunga ikang'olewa, greda la kuazima likaja, changarawe ikamwagwa. Vituo kwenye ramani vilikuwa vimepimwa kwa bikari, vimelingana umbali kabisa. Mzee akanipitisha njia nzima akinionyesha mahali kina mama wanapotua mizigo: hapa penye mkwaju, pale baada ya korongo. Nikarudi ofisini, nikachukua wembe, nikavikwangua vile vituo vya bikari kwenye karatasi, nikavihamishia kwenye mkwaju na korongo. Mzee akasimika nguzo za vituo akiimba.

Basi la kwanza halikuwa kumbakumba. Lilikuwa kuukuu, la mtu binafsi aliyepewa kibali, pana, limepakwa rangi upya. Lakini lilipita kwenye njia yake peke yake, bila lori mbele wala nyuma, na mimi nilisimama kituo cha mkwaju na mzee wangu nikiona fahari ya ajabu. Kina mama wakapandisha nyungo zao, wakapanda. Mke wa mzee alikuwa wa mwisho. Akaweka ungo ndani, kisha akageuka, akashuka ngazi, akaja mpaka nilipo. Akanitia karanga moja kiganjani.

"Haya, binti yangu," akasema. "Leo nihesabu. Hata kwa kidole."

Nikanyoosha kidole, machozi yananitoka, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Mmoja."