Rafique Mbele ya Mama Mkwe

Hakununuliwa. Naanza na hilo kwa sababu sokoni Palma, huku kwetu Msumbiji, bado wanasema kwamba mume wangu Rafique, alipokuwa mjumbe wetu katika baraza la mkoa, aliuza minazi ya watu wa upande wa Afungi. Anayetaka kujua utajiri wetu aje atazame bati linavyovuja.

Wajumbe wa wilaya yetu tuliwajua. Tomás, mtu wa nyanda za juu, alisema sana mikutanoni, lakini alichokisema kule Pemba, mji wa makao ya mkoa, hakuna aliyewahi kukisikia. Baada yake Suleimane, tuliyemwona wakati wa kura tu. Ndiyo maana zamu ilipofika kwa Rafique watu walifurahi. Alikuwa muuza chumvi na samaki wakavu, mtu wa kufika kwenye kila msiba bila kuitwa.

Ikaja habari ya kuhama kupisha uzio wa mradi wa gesi. Wenye mashamba walikubaliana mapema: kuhama tutahama, lakini kwanza tuonyeshwe mashamba mapya kwa macho yetu. Neno hilo walimpa Rafique aliseme mkutanoni, mbele ya wakubwa.

Mama yangu, Bi Alima, hakuwa mtu wa mikutano. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya minazi yake, akaketi kwenye mkeka wa mbele kabisa, karibu na meza.

Kwetu mwanamume hapazi sauti mbele ya mama mkwe wake, wala habishani na mtu akiwapo. Wengine siku hizi wanalegeza. Rafique hakulegeza; tangu anioe hakuwahi kula wala kucheka mbele ya mama.

Mkubwa wa mkutano akauliza kama mjumbe ana neno. Rafique akasimama, akamwona mama, akainamisha kichwa. Akaulizwa tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hana neno, akaketi. Watu wakashukuriwa kwa kukubali. Wazee nao hawakuweza kusimama, maana kusema baada ya mjumbe wao kungekuwa kumvua nguo hadharani.

Nje, jirani yetu Rajabo alimngoja njiani, akamwita mjumbe kwa Kireno.

“Deputado, ulimi umeusahau Pemba?”

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilitamani ardhi inimeze.

Alasiri mama alikuja nyumbani. Hakuingia. Aliketi nyuma ya ukuta wa makuti, kama inavyompasa mkwe, akasema na Rafique kutoka huko.

“Baba, nilikuja ili nikusikie. Ungemtuma mtu aniambie nitoke, ningetoka.”



Minazi ilikatwa. Mashamba mapya yalichelewa, na mama alifariki kabla ya kuonyeshwa lake. Rafique akaacha kwenda misibani. Watu walikuwa wananyamaza anapoketi, na wengine wanahama mkeka. Kura zilizofuata jina lake halikuwekwa. Kisha vita vikatukimbiza hadi Pemba, na huko ndiko nilikomzika. Leo anayetusemea ni Catarina, binti mdogo, na sijasikia akishindwa kusema mbele ya mtu yeyote.

Hayo ya mkwe watoto wangu wanayaelewa. Wanachoniuliza ni kwa nini hakwenda kwa wakubwa kesho yake, peke yake, mama akiwa hayupo. Mimi nilimuuliza hivyo hivyo, na alinijibu. Jibu lake ninalo. Simwambii mtu, nao wasiniulize tena.