Mgeni Aliyetaka Kusomewa Shukrani

Hiki si kisa nilichosimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mtaani kwetu Buyenzi, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Anayetaka kucheka na acheke, meno ni yake. Mimi nitasema kama ilivyokuwa, na nilichokipoteza siku ile sijakipata mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya vita. Mume wangu alikwenda mtaa wa Kamenge asubuhi moja kuchukua vitambaa, hakurudi, na hata maiti yake hatukuipata. Nikabaki na cherehani na binti yetu mmoja, Zuhura, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Usingizi ulinikimbia. Nililala na nguo za kutokea, viatu kando ya kitanda, kama watu wengi mjini. Ndipo muuguzi mmoja wa dispansari, dada mpole aliyesomea mbali, akanipa daftari la shule. Akaniambia kila jioni niandike humo jambo moja la kumshukuru Mungu, hata liwe dogo namna gani, nitaona moyo unatulia.

Nilimcheka kimoyomoyo. Nishukuru nini, milio ya bunduki? Lakini mfa maji haachi kutapatapa, nikaanza. Niliandika kwamba redio ya marehemu bado inasema. Niliandika kwamba maji ya bomba yamerudi, na kwamba kuku wangu ameatamia mayai chini ya kitanda. Niamini, yule dada hakusema uongo. Nilianza kulala.

Sasa, mimi nikiandika hutamka kila neno kwa sauti, ndivyo nilivyozoea tangu chuoni tulipojifunza Kurani, na meza yangu ilikuwa chini ya dirisha la barabarani. Marehemu mama yangu alikuwa akitukanya: neema ya nyumba haitajwi mbele ya dirisha, na ukiitaja tanguliza mashallah. Lakini nani anakumbuka maneno ya wazee wakati mabomu yanalia?

Kisha Zuhura akashikwa na malaria. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya vizuizi na hakuna aliyethubutu kuvuka. Nilikuwa na vidonge vichache tu na kitambaa cha maji. Mtoto aliwaka mpaka akaacha kunijua, akawa ananiita kwa jina la mtu mwingine. Nilishaanza kumtafutia sanda kichwani mwangu, nasema ukweli. Halafu jioni moja homa ikashuka, akaomba chai. Nililia kama mjinga. Nikakaa chini ya dirisha nikaandika, kwa sauti: Namshukuru Mungu, homa ya Zuhura imeshuka.

Kesho yake ilikuwa siku ya ville morte, yaani vijana wamefunga mji mzima, hakuna soko, hakuna gari, anayeonekana barabarani anapigwa mawe au anapigwa zaidi ya mawe. Saa sita mchana barabara ilikuwa tupu. Zuhura amelala, redio inasema chini chini. Mlango ukagongwa.

"Mama, unisaidie maji ya kunywa. Natoka Musaga, bisi haziko."

Sauti ya mwanamke. Maji hayanyimwi mtu, na mwanamke peke yake nje siku kama ile angeuawa. Nikafungua. Alikuwa kijana, kitenge kimepigwa pasi, anapendeza. Nikamkaribisha, nikamuuliza habari za nyumbani. Mtaani kwetu hata mgonjwa aliye kufani ukimuuliza hali atakujibu alhamdulillahi. Yeye alisema, "Niko tu." Nikatazama viatu vyake. Ametoka Musaga, ng'ambo ya mji, kwa miguu, wakati wa kiangazi, na viatu havina vumbi hata kidogo. Nikajuta kufungua, lakini alikuwa ameshakaa.

Kikombe cha maji nilichompa alikishika, hakunywa. Alikuwa anatazama daftari.

"Unisomee," akasema. "Kila magaribi nakusikia, lakini mi naishia inje ya dirisha."

Utaniuliza kwa nini sikumfukuza. Hata mimi nimejiuliza. Labda ni kwa sababu tangu nifiwe hakuna aliyeketi nyumbani kwangu na kutaka kunisikiliza. Nikafungua daftari, nikasoma ule mstari wa redio. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Nikasema ni betri. Nikasoma wa maji, na uani bomba lililokuwa likidondoka ndooni likaacha kudondoka. Yeye alikuwa amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi asikie chumvi. Nikasoma wa kuku. Chini ya kitanda kuku alilia mara moja. Nilipoinama kutazama, alikuwa amekufa, kichwa kimelala juu ya mayai.

Hapo nikaelewa kwamba kila ninachomsomea anakila. Na nilijua mstari uliobaki.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia yameisha.

"Apana, mama. Kumebaki moja. Ya jana."

Nilitaka kusoma Ayatul Kursiyyu, ulimi ukawa mzito. Badala yake mdomo wangu ukaanza wenyewe: Namshukuru Mungu, homa ya... Kitandani Zuhura akaguna, akaanza kutetemeka meno. Niliuma ulimi mpaka nikasikia damu. Yule mgeni hakukasirika. Alinitazama tu kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa unatisha.

"Mi siendi na njaa," akasema.

Sijui akili ile niliitoa wapi. Nilimwambia ya jana ni ndogo, ya leo ni kubwa zaidi, ila sijaiandika bado. Angoje niiandike. Mtoto anatetemeka, mimi namwomba Mungu kimya kimya akubali.

"Andika."

Nikashika kalamu. Lakini nina nini mimi, mjane, cha kushinda uhai wa mtoto? Cherehani? Angenicheka. Nikatazama sindano ya cherehani, tundu lake nikaliona wazi kutoka pale nilipokaa, kama nilivyoliona siku zote, na ndilo lililokuwa linatulisha. Nikaandika. Kisha nikamsomea, na mashallah sikuitanguliza, kwa makusudi: Namshukuru Mungu kwa macho yangu.

"Aksanti, mama. Iyi inatosha."

Kitu cha mwisho nilichokiona duniani ni Zuhura amejigeuza, ananitazama. Baada ya hapo giza. Mlango sikuusikia kufunguka. Nilitambaa mpaka kitandani, nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi, lenye uhai, na akaniuliza kwa nini natembea kwa magoti.

Majirani waliapa hawakuona mwanamke yeyote. Kufuli la lango la uani, njia pekee ya kufika mlangoni kwangu, lilikuwa limefungwa kwa ndani. Barabara zilipofunguka walinipeleka kwa madaktari, nao wakasema macho haya ni mazima, ni mshtuko wa mabomu. Nikawaachia waseme hivyo. Nilijifunza kushona kwa vidole, na upindo wangu umenyooka, waulizeni watu wa Buyenzi.

Shukuruni, sijawakataza. Kushukuru kuliniponya usingizi. Lakini fungeni dirisha, na mashallah itangulie. Siku hizi naambiwa watu wanaanika neema zao kwenye simu, mtoto amezaliwa, nyumba imeezekwa, kila anayepita anasoma. Unamjua kila anayepita? Na mgeni ukimuuliza hali asijibu alhamdulillahi, mpe maji hapo hapo mlangoni, asivuke kizingiti.

Mimi ninasema, anayeandika ni Zuhura. Mpaka leo alijua kama watu wote kwamba macho yangu yaliondoka na mabomu. Sasa kalamu siisikii tena. Andika, mwanangu. Yule mgeni angerudi leo, ningemsomea tena mstari ule ule.