Nilipoambiwa kwamba nikitoa damu sitamwoa Nabintu

Wakuu, nawasalimu wote humu.

Mimi ni mzee wa kuzunguka. Uvira, Kigoma, Lubumbashi, kote nimekaa, nikachoka, nikahama. Ila kichwa hurudi Bukavu ya miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Haya yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Nilikuwa kijana, napakia mchele kwenye lori kutoka Luberizi. Mchumba wangu alikuwa Nabintu wa Mudaka. Mbuzi wa mahari walishapelekwa.

Asubuhi moja nikakuta ukoo wao mzima kwenye uwanja wa hospitali. Dada yake, Mapendo, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto mzima, analia vizuri. Mama ndiye alikuwa anaishiwa damu.

Mume wake alipimwa damu ili amtolee, hakufaa. Kaka zake hawakufaa. Nikajitokeza mimi.

Infirmier, yaani muuguzi, akarudi anatabasamu. "Ya huyu inaenda."

Hapo Papa Birindwa, baba yao, akanishika mkono.

"Ukimupa damu, unakuwa ndugu yake. Na ndugu ya Mapendo hawezi kuoa Nabintu."

Kwa wasiojua: wazee wetu walikuwa na undugu wa kuchanjana. Watu wawili wanachanjana, kila mmoja anaonja damu ya mwenzake, wanaapa. Tangu siku hiyo dada yake ni dada yako. Hakuna kuoa hapo.

Mzee hakuwa na ubaya. Alikuwa analia. Alitaka tu nijue mapema.

Nikamwangalia Nabintu.

"Unaniangalia nini?" akasema. "Bwana nitapata mwingine. Dada nitamutoa wapi?"

Wakuu, iliniuma. Tena ndipo nilipojua ni mwanamke wa namna gani ninayempoteza.

Nikakunja shati. Sindano ilikuwa nene, siwadanganyi.

Jioni Mapendo akafumbua macho, akaomba uji. Uwanjani wakaimba na kupiga vigelegele. Na mimi niliimba, kaka mpya asiye na mchumba.

Kesho yake Papa Birindwa akanipeleka kitandani kwa Mapendo.

"Mapendo, salimia kaka yako."

"Kaka gani, papa? Huyu si shemeji?"

Akaelezwa yote. Akafikiri kidogo.

"Kiapo nilikula saa ngapi? Mimi nilikuwa nimelala. Na damu yangu, yeye alionja?"

Mzee akanigeukia. "Ulionja?"

"Hapana, papa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi undugu haukufika," Mapendo akasema. "Muache kijana aoe. Na mimi muniongeze uji."

Mzee alicheka mpaka masista wakamtoa nje. Nabintu alikuwa mlangoni, anajifanya hajasikia.

Tulioana baada ya mavuno ya maharagwe. Mapendo alicheza na mtoto mgongoni mpaka wakamlazimisha kukaa. Maisha yake yote aliniita shemeji, isipokuwa akitaka sukari. Hapo niliitwa kaka, na sukari nilitoa.

Nilichojifunza: mama anayetokwa damu hawezi kungoja ukoo umalize kujadiliana uwanjani. Nenda katoe kabla hujaitwa, hata kwa mama usiyemjua.

Je, kwenu wazee walisemaje kuhusu damu ya sindano? Shusheni hapa. Na mwenye swali kuhusu shemeji aliye nusu kaka aulize, nina uzoefu.