Hatari kwa mwandiko wa harusi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye steshenari moja ya Kahama nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu alisimama mzee mwenye duara, shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Alitaka bango la kuweka ukingoni: "Hatari, usisogee." Dada wa kompyuta alimwonyesha herufi nyekundu zilizosimama wima. Mzee akatikisa kichwa, akatoa mfukoni kadi ya harusi ya binti yake.

"Niwekee hizi."

Zilikuwa herufi nene, zimelalia kulia, zenye vijimkia kwenye kila ncha.

"Baba, hizi ni za kukaribisha watu."

"Zina heshima. Mimi sipendi kufokea watu."

Dada akachapa. Mzee akalipokea bango kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa cheti.

Juzi nilipita machimboni nikaliona kwa mbali, ila sikuweza kulisoma, nikasogea. Nilimkuta mama mmoja mwenye ndoo mkononi, ameinamisha shingo kufuata mlalo wa herufi, hatua moja tu kutoka shimoni.

"Limeandikwa vizuri," akaniambia.

Nikakubaliana naye, kisha nikamwomba turudi nyuma tukalisifie huko.