Gari la Tanga la Wambura

Turubai likinyeshewa mvua kisha likaanza kukauka juani, hutoa harufu nzito ya ukungu na samaki. Juzi niliisikia pale stendi ya Bunda, kwenye lori la pamba, nikajikuta nimerudi utotoni Kigera, kwenye uwanda mpana ulioachwa wazi ziwa lilipopungua.

Mdogo wangu Wambura hakuwahi kutembea. Tulikuwa tunambebaga mgongoni: mimi asubuhi, dada yetu mkubwa Nyangeta jioni, mama siku za kanisa. Ukimweka ukutani, anakaa hapohapo mpaka umfuate. Majirani walimsifu kwa upole wake.

Gari alilitengeneza Nyangeta. Alichukua fremu ya kitanda kibovu, akaifunga magurudumu matatu ya baiskeli, akasimamisha mti katikati, akashona tanga kwa turubai kuukuu alilopewa na wavuvi. Upepo wa ziwa, ambao kila mchana ulitudondoshea nguo kambani, ukapata kazi.

"Ukivuta kamba hii, linaenda," alimwambia Wambura. "Ukiachia, linasimama. Umesikia?"

"Nimesikia. Toka hapo mbele."

Akavuta. Gari likalia, likasita, likaondoka. Tulikimbia nyuma yake tukidhani tutalishika, wapi! Likawapita ng'ombe wa watu, likawapita akina mama waliokuwa wakianika dagaa, nao wakainuka kupiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

"Achia kamba!" Nyangeta alipiga kelele. "Wambura, achia!"

Hakuachia. Gurudumu la mbele likazama shimoni, gari likapinduka. Tulimkuta kalala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga, jino moja halipo.

Mama alifika akihema, kanga mkononi. "Nani kamsukuma mwanangu?"

Wambura alitema damu, akajibu mwenyewe.

"Hakuna aliyenisukuma, mama. Hakuna mtu kabisa!"

Alilirudia hilo njia nzima, akiwa mgongoni kwa mama, akiwaambia hata watu ambao hawakumwuliza. Mama alitembea huku machozi yakimtoka. Mimi nilidhani analilia jino.

Nilitegemea gari lile litachanjwa kuni. Badala yake, asubuhi mama alimwambia Nyangeta alinyooshe gurudumu. Sikuelewa. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, mwenye watoto wangu: siku ile, kwa mara ya kwanza, mama alikuwa amemsikia mwanawe akijisifu kama watoto wengine.