Ngoma ya Nne Ina Mwenyewe

Marit Hovland, mtoto wa kaka yangu, hajawahi kutulia tangu azaliwe. Vidole vyake hupiga chochote kilicho mbele yake: meza, mlango wa friji, mgongo wa mbwa, kichwa cha mdogo wake. Mwaka ule wa korona, shule ilipofungwa na mtoto akabaki ndani na kompyuta, kaka yangu alinipigia simu akasema, "Dada, nichukulie huyu japo wikendi, kabla sijamtoa nje akalale na kuku."

Kwenye bendi ya shule yetu Marit hupiga ngoma kubwa ya tatu. Ngoma hizo ni tano, hubebwa kifuani, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na kila mpigaji ana mlio mmoja tu. Ndani ya wimbo wa shule kuna mahali ngoma hushuka ngazi, ya kwanza mpaka ya tano, upesi upesi, hadi unasikia tumbo likishuka nazo. Mmoja asipokuwepo, pale pana shimo, na mji mzima unalisikia, hata wale wanaojifanya wamekuja uwanjani kutazama mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi. Na wapiga ngoma wana mwiko wao waliourithi kwa waliowatangulia: humpigii mwenzako mlio wake. Akikosekana, shimo linaachwa lilivyo.

Septemba shule ikafunguliwa nusu nusu. Wenye majina ya ukoo ya A hadi K waje Jumatatu na Jumanne, L hadi Z waje Alhamisi na Ijumaa, Jumatano ipulizwe dawa. Aliyepanga hivyo hakika hajawahi kushika ngoma. Ya kwanza na ya tatu ziliangukia mwanzo wa wiki, ya pili na ya tano mwisho wa wiki, na wa nne hakuja kabisa.

Huyo wa nne ni Wade Prokop, rafiki wa Marit tangu chekechea. Analelewa na babu yake, mzee Emil, aliyefanya kazi kwenye ghala la nafaka mpaka vumbi likamla mapafu, na sasa kila aendako anaburuta mtungi wa oksijeni. Wade aliamua kusomea nyumbani mwaka mzima, asije akamletea mzee ugonjwa. Mwalimu Oltman wa bendi alimruhusu aende na ngoma yake, afanyie mazoezi barazani.

Mimi nilijitolea kupima watoto joto mlangoni. Kila asubuhi ya zamu yake Marit alisimama mbele yangu pale, akiuliza kana kwamba hajui Wade haji.

"Shangazi, Wade kapita?"

"Angepita ningekwambia. Sogea, unazuia wenzako."

"Labda kapitia nyuma."

"Nyuma kuna kufuli. Na acha kunipigia ngoma meza yangu!"

Oktoba makundi yakaunganishwa, ngoma zikawa nne. Marit akaweka simu yake kwenye kiti, Wade akiwa upande wa pili barazani kwao, wakajaribu. Mlio wa Wade ulifika baada ya ule wa tano, peke yake, na bendi nzima ikaangua kicheko.

"Wade, umelala?"

"Nimepiga palepale! Ni hii simu!"

"Simu ndiyo yenye mikono?"

Alijaribu kuwahi, lakini simu siku nyingine ilichelewa kidogo, siku nyingine sana. Wakaachana nayo. Marit alirudi kwangu jioni hiyo akapiga ukingo wa sahani hadi viazi vikapoa, na mimi, badala ya kumhurumia, nilimfokea.

Ikaja wiki ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Marit na Wade walikuwa wanamaliza shule mwaka huo, kwa hiyo kwao hakukuwa na nyingine. Nilikuwa nakusanya vipimajoto vyangu Mwalimu Oltman alipomwita Marit pembeni.

"Nataka ngoma ya nne irudi. Kuna binti wa mwaka wa kwanza ataipiga Ijumaa."

"Hiyo ni ya Wade, Mwalimu."

"Ni ya shule, Marit."

"Basi tuache shimo."

"Siachi shimo. Wazazi wamenichosha na simu zao za kulalamikia shimo hilo. Ama ngoma inarudi, ama naikata sehemu hiyo. Wimbo utapigwa bila ngazi."

 Vidole vya Marit vilikuwa vinapiga paja.

Mimi ndiye niliyempeleka kuichukua. Tulisimama uani kwa kina Prokop, mbali na baraza. Mzee Emil alifungua dirisha kidogo.

"Mmekuja kuchukua ngoma, au kukagua kama nimekufa?"

"Ngoma, Babu," alisema Marit.

"Ningejua, ningekufa kwanza."

Wade akaitoa, akaiweka kwenye ngazi za baraza, akarudi nyuma. Alikuwa ameing'arisha mpaka vyuma vikawaka. Roho iliniuma, nasema kweli. Marit aliitazama tu.

"Ijumaa utatazamia wapi?"

"Kwenye simu. Kwani kuna pengine?"

"Watu si wanatazamia ndani ya magari, nje ya uzio?"

Wade akageukia dirishani. "Babu hatoki."

"Nani kakwambia sitoki?" alifoka mzee. "Gari si lina vioo? Vioo si vinafungwa?"

Marit akarudi kwenye gari langu mikono mitupu, akajifunga mkanda.

"Ngoma iko wapi?" nikamuuliza.

"Twende, Shangazi."

"Marit!"

"Itakuwepo Ijumaa. Twende."

Nilimsema njia nzima mpaka koo likakauka. Nilimwambia atamponza mwalimu, atajiponza yeye, na mimi sitaki kesi. Alikuwa anapiga dashibodi, sidhani hata neno moja lilimwingia.

Ijumaa kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Jukwaani tuliketi mbalimbali, kila familia na blanketi lake, na nyuma ya bendi, ng'ambo ya uzio, magari yalikuwa yamejipanga yananguruma. Mwalimu Oltman akamjia Marit.

"Iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Marit akanyoosha kirungu chake cha kupigia ngoma kuelekea uzioni. Pikapu ya mzee Emil, kutu tupu, ilikuwa imegeuzwa kinyumenyume, na Wade amesimama huko nyuma penye kubebea mizigo, ngoma kifuani. Oltman akamgeukia Marit.

"Ikiharibika mara ya kwanza, naikata. Sitanii."

Wimbo wa shule hupigwa timu yetu ikifunga. Tulifunga mapema, bendi ikaanza, ngoma zikashuka: ya kwanza, ya pili, ya tatu, shimo, ya tano. Ndipo mlio wa Wade ukafika kutoka uzioni, umepitwa na kila kitu. Watu wakacheka. Oltman akapitisha mkono shingoni, maana yake imekatwa.

Marit akageuka akapaza sauti hadi barakoa ikamshuka puani. "Usinisikilize, Wade! Nitazame mkono! Ukisubiri kunisikia umeshachelewa!"

"Marit, nimesema," alisema Oltman.

"Mara moja tu, Mwalimu. Ikiharibika, chukua na ngoma yangu."

Oltman akarudi mbele ya bendi akitikisa kichwa. Basi ikabidi timu yetu ifunge tena, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Vijana wetu, Mungu awasaidie, walikimbia na mpira kila upande isipokuwa wa mbele. Mimi, nisiyejua hata kanuni za mpira huo, nilisimama nikapiga kelele hadi blanketi likaanguka. Marit alikuwa anapiga pembeni mwa ngoma yake bila kutoa sauti, akigeuka kila mara kuhakikisha pikapu haijaondoka. Mzee asingeweza kukaa pale usiku kucha na mtungi mmoja.

Karibu na mwisho kijana mmoja akaanguka na mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, tukawa tumefunga. Bendi ikaanza. Walipofika pale, Marit akainua mkono juu kabisa ya bega, jambo lisiloruhusiwa, maana mikono yote inatakiwa iwe sawa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Nilidhani masikio yananidanganya. Wakarudia, ikaja tena, imeshuka yote. Magari yakapiga honi, na ndani ya pikapu mzee Emil alikuwa anaupigapiga usukani kwa viganja. Nililia, na barakoa ikalowa.

Mechi tulipoteza. Oltman alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mkono wako ulikuwa juu mno," alimwambia Marit.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uache hukohuko juu."

Njiani kurudi, mikono ya Marit ilikuwa imelala mapajani. Sikuwa nimezoea ukimya ule, nikajikuta mimi ndiye ninayepiga usukani kwa kidole: moja, mbili, tatu. Nikaishia hapo. Ya nne ina mwenyewe.